Ramani Kuukuu Katika Pikipiki Mpya: Deni la Ukweli kwa Mnunuzi

Pikipiki kubwa za safari ndefu zinazouzwa Ulaya, Japani na Marekani nyingi huja na skrini iliyojengewa kwenye dashibodi, na ndani ya skrini hiyo mna ramani. Honda Gold Wing ya mwaka 2006 ndiyo iliyotangulia kutoka kiwandani na mfumo wa namna hiyo, na viwanda vingine vikafuata kila kimoja kwa njia yake. Mnunuzi hulipa bei ya gari dogo, hukabidhiwa funguo, kisha mara nyingine hugundua kabla ya mwezi kwisha kwamba ramani aliyouziwa ni ya miaka miwili au mitatu nyuma. Barabara ya mchepuko iliyokwisha kufunguliwa haimo. Kituo cha mafuta kilichokwisha kuvunjwa bado kimo. Akitaka ramani ya sasa, sharti atoe pesa tena. Jambo hili hujadiliwa kama kero ya biashara, lakini ndani yake mna swali la zamani kuliko injini yoyote: anayeuza kitu kinachotoa habari, je, huuza kitu chenyewe tu, au huuza pamoja nacho ukweli wa habari ile? Na ikiwa ukweli nao umo katika bei, umo hadi siku gani?

Kwanza vitenganishwe vitu viwili ambavyo skrini huvichanganya. Setilaiti za GPS hazijui barabara. Kila moja, ikiwa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kilichomo katika pikipiki huchukua ishara za setilaiti nne au zaidi na kukokotoa kilipo. Kazi hiyo haizeeki. Tangu Mei 2000, serikali ya Marekani ilipoacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za matumizi ya kiraia, kipokezi cha kawaida kimeweza kujua mahali kilipo kwa tofauti ya mita chache tu. Ramani ni jambo jingine kabisa. Ni habari zilizokusanywa na watu waliopita barabarani siku fulani, zikachujwa, zikafungwa, zikahifadhiwa. Mshale unaotembea juu ya kioo husema kweli ya sasa hivi. Mstari ulio chini ya mshale husema kweli ya siku iliyopita. Na kwa kuwa mshale unatembea, msafiri huona kana kwamba mstari nao uko hai.

Jinsi ramani inavyozeeka kabla pikipiki haijauzwa si siri. Wanaokusanya data za barabara kwa ajili ya vyombo vya usafiri ni wachache. Wakubwa miongoni mwao ni HERE, ambayo asili yake ni Navteq ya Marekani, na TomTom ya Uholanzi, iliyoinunua Tele Atlas mwaka 2008. Data hutoka kwao zikiwa na tarehe ya kufungwa. Kisha hugeuzwa ziwe katika umbo linalosomeka na kifaa husika, hujaribiwa, hupelekwa kwa mtengenezaji wa pikipiki, naye huzipima pamoja na programu zake nyingine kabla ya kuziruhusu. Pikipiki ikishaundwa husafiri kwa meli, hukaa ghalani, hukaa dukani msimu mzima wa baridi ikimngoja mnunuzi wa masika. Modeli moja huweza kuuzwa miaka kadhaa bila kubadilishwa sana, na si kila mara ramani ya kiwandani hubadilishwa pamoja na rangi za mwaka mpya. Katika mlolongo huo huenda asiwepo hata mmoja aliyekusudia kudanganya. Kila mtu alipokea kitu kilichokuwa sahihi kwa siku yake, akakipitisha kwa mwenzake, na uzee ukaingia katikati ya mikono.

Sehemu nyingine za pikipiki hazina tatizo hili. Breki huweza kuharibika, lakini haiwezi kusema uongo, kwa sababu haisemi lolote. Tairi lililokaa ghalani miaka mitatu nalo limezeeka, ila wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake vimepigwa chapa ubavuni kwa tarakimu nne, na anayejua kusoma husoma. Ramani kazi yake yote ni kusema. Inapomwambia dereva akate kushoto baada ya mita mia tatu, imetoa ushahidi kwamba huko kushoto kuna barabara, inapitika, na sheria inaruhusu kuingia. Ramani ni shahidi, na shahidi hapimwi kwa uzima wa mwili wake. Pikipiki isiyotumiwa hubaki mpya hata ikilala ghalani mwaka mzima. Habari isiyotumiwa haibaki hivyo.

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Meno, alichagua mfano unaofaa sana hapa. Socrates anamwuliza Meno juu ya watu wanaotaka kwenda mji wa Larissa. Anayeijua njia atawaongoza vizuri, hilo halina ubishi. Lakini vipi yule ambaye hajapata kuipita wala haijui, ana dhana tu, na dhana yake ikatokea kuwa sahihi? Huyo naye atawafikisha. Kwa mtu ambaye haja yake ni kufika, dhana sahihi haipungukiwi na kitu mbele ya elimu. Upungufu wake uko kwingine: dhana sahihi haikai. Socrates anazifananisha dhana hizo na sanamu za Daedalus, zilizosimuliwa kuwa hutoroka zisipofungwa, na kinachozifunga ni kujua sababu. Ramani ya kiwandani ni dhana sahihi isiyofungwa. Haijui kwa nini barabara iko pale, na hivyo haina njia ya kujua kwamba haipo tena.

Genova, mji wa bandari wa Italia, ulitoa mfano mkali wa jambo hilo. Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Morandi, lililobeba barabara kuu ya A10 juu ya bonde la Polcevera, lilianguka na kuua watu 43. Ramani yoyote iliyofungwa mwanzoni mwa mwaka ule ilikuwa sahihi mahali pale hadi asubuhi hiyo. Dakika moja baadaye ilikuwa ikielekeza watu hewani. Mwanzoni mwa Agosti 2020 daraja jipya, ambalo wazo lake lilitoka kwa msanifu Renzo Piano, likafunguliwa karibu pale pale, likibeba barabara ile ile. Basi pikipiki yenye ramani ya Januari 2018, ikiachwa bila kuguswa, ilisema kweli, kisha ikasema uongo kwa karibu miaka miwili, kisha ikarudi kusema kweli, na ndani yake haikubadilika hata herufi moja. Haikujifunza kitu. Dunia ndiyo iliyoirudia.

Bertrand Russell, katika kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya elimu ya binadamu, alitaja mtu anayeitazama saa iliyosimama akiamini kuwa inatembea, na kwa sadfa wakati ni ule ule inaouonyesha. Ameamini jambo la kweli, lakini hakuna atakayekubali kwamba amejua saa ngapi. Aliyevuka daraja jipya la Genova akiongozwa na ramani ya 2018 yuko katika hali hiyo hiyo. Amefika salama, na huenda akakisifu kifaa chake.

Hapo ndipo hasara ya mnunuzi inapoonekana kwa ukubwa wake, na ni kubwa kuliko inavyohesabiwa kwa kawaida. Wauzaji hupenda kusema kwamba barabara nyingi hazibadiliki, kwa hiyo ramani ya miaka mitatu bado ni sahihi sehemu kubwa. Ni kweli, na hoja haitoshi. Mistari iliyokufa haikutiwa alama ya kuitofautisha na iliyo hai. Msafiri hana namna ya kujua ni ipi asiiamini, na hivyo shaka huienea ramani yote. Mwenye gari huweza kusimama pembeni akatazama simu. Mwendesha pikipiki amevaa glavu na helmeti, mikono yote miwili ina kazi, na mifumo mingi humzuia kuandika anwani chombo kikiwa katika mwendo. Gold Wing ina uzito wa zaidi ya kilo 360. Kuigeuza kwenye njia nyembamba ya kokoto iliyoishia kwenye uzio si jambo la kucheka, hata kama imewekewa gia ya kurudi nyuma.

Je, muuzaji anapaswa kusema? Cicero alilishughulikia swali hilo mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu cha tatu cha De Officiis, alichomwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens. Mfanyabiashara anatoka Alexandria na shehena ya nafaka, anafika Rhodes palipo na njaa na bei iko juu. Njiani ameziona meli nyingine za nafaka zikielekea huko huko. Awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili wa Kistoa waligawanyika, mwalimu na mwanafunzi wake. Diogenes wa Babeli aliona inatosha muuzaji kutaja kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, na asidanganye. Kunyamaza si kuficha. Antipater wa Tarso aliona kwamba mnunuzi hapaswi kukosa lolote analolijua muuzaji. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater.

Wengi wakisoma kisa hicho leo huwa wepesi kumfuata Cicero, kwa kuwa ni rahisi kuwa mkarimu kwa nafaka ya mtu mwingine. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alikipima kwa utulivu zaidi. Katika Summa Theologiae anatenganisha kasoro iliyopo sasa na bei itakayoshuka baadaye. Kasoro ya sasa, ikiwa imefichika na ina hatari au hasara kwa mnunuzi, sharti itajwe. Lakini meli zilizo njiani hazijaifanya nafaka ya leo kuwa mbovu. Anayenyamaza juu yake havunji haki, ingawa akisema, au akipunguza bei, amefanya wema mkubwa zaidi.

Mgawanyo huu unaikata ramani vipande viwili, na bila kuukata hivyo mjadala wote huzunguka pale pale. Kuna uzee uliomo ndani ya ramani siku ya makabidhiano: huo ni kasoro ya sasa. Na kuna uzee utakaoijia baadaye, barabara zitakazojengwa mwakani na madaraja yatakayofungwa mwaka kesho kutwa: hizo ndizo meli zilizo njiani. Mnunuzi anayelalamika kwamba ramani yake ya miaka mitano haina barabara mpya analalamikia meli. Anayelalamika kwamba pikipiki aliyoichukua dukani jana haina barabara iliyofunguliwa miaka miwili iliyopita analalamikia nafaka.

Aquinas aliongeza kwamba kasoro ya wazi haihitaji kutajwa. Farasi mwenye jicho moja anaonekana na kila mtu. Je, umri wa ramani uko wazi? Namba ya toleo hupatikana ndani ya orodha ya mipangilio, kwa anayejua pa kubonyeza na anayejua namba ile maana yake ni nini. Kuita jambo hilo wazi ni kutaka mnunuzi amfungue farasi kinywa katika chumba chenye giza. Na dukani ramani huonyeshwa mahali inapopendeza kuliko kote: mtaa wa duka lenyewe, ambao pengine haujabadilika kwa miaka ishirini.

Sheria ya Kiislamu ilikwisha kuliona umbo hili la udanganyifu wa sura. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakataza kumwacha kondoo au ngamia bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa aina hiyo, akishamkama, ana hiari: akiridhika atabaki naye, asiporidhika atamrudisha pamoja na pishi moja ya tende. Jambo la kuzingatiwa hapo ni kwamba mnyama hana ugonjwa wowote. Ila, yaani kasoro, iko katika habari ambayo sura yake iliitoa, na habari hiyo ilitosha kumpa mnunuzi haki ya kurudisha.

Kwa kipimo cha ila yenyewe, maandishi yenye faida zaidi ni ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, miaka mitatu tu baada ya Aquinas. Minhaj yake ilikuwa, na bado ni, miongoni mwa vitabu vikuu vya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa muhtasari, ila inayompa mnunuzi haki ya kurudisha ni ile inayopunguza kitu chenyewe au thamani yake, kiasi cha kukosesha lengo la halali, iwapo kwa kawaida vitu vya jinsi ile huwa havina upungufu huo. Sharti la mwisho ndilo lenye uzito hapa. Hakuna ramani ya leo. Kila ramani ni ya jana au ya juzi, na mnunuzi anayedai ramani isiyo na hata mwezi mmoja wa uzee anadai kitu ambacho jinsi yake haina. Uzee wa miezi michache ni maumbile ya ramani. Uzee wa miaka mitatu, wakati data mpya zimekwisha kutolewa mara kadhaa na ziko sokoni, hauwezi kuitwa maumbile.

Kawaida nayo husogea. Zama ambapo ramani mpya zilikuja kwa diski mara moja kwa mwaka, mtu hakushangaa kununua chombo chenye ramani ya mwaka juzi. Ndivyo vilivyokuwa vyombo vyote. Siku hizi mnunuzi yule yule ana simu mfukoni ambayo ramani yake hubadilika bila yeye kuambiwa. Simu imebadilisha kipimo cha kile kinachoitwa kawaida, na imekibadilisha hata kwa viwanda ambavyo havikutaka. Kilichokuwa maumbile mwaka 2006 kimekuwa ila bila kiwanda kufanya kosa lolote jipya. Hili huwaudhi watengenezaji, na si bila sababu, lakini hukumu inayotegemea desturi haiwezi kuwa vingine.

Wakati wa ila nao umewekewa mpaka. Kwa Shafii kitu kilichouzwa huwa katika dhamana ya muuzaji hadi mnunuzi akipokee mkononi. Ila iliyokuwepo kabla ya hapo, hata kama imezuka kati ya kulipa na kupokea, ni mzigo wa muuzaji. Inayozuka baada ya hapo ni ya mnunuzi. Mpaka huo ni ule ule aliouchora Aquinas, umefikiwa kwa njia nyingine: deni la ukweli linakwisha siku ya makabidhiano, na hadi siku hiyo ni zima. Muuzaji analilipa kwa mojawapo ya njia mbili. Aweke ramani ya sasa bila malipo kabla ya kutoa funguo, au aitaje tarehe ya ramani waziwazi na bei iifuate. Kutofanya lolote kati ya hayo mawili, kisha kumwuzia mnunuzi yule yule dawa ya ila ile ile, ni kupokea bei mara mbili kwa kitu kimoja.

Kiwanda kina utetezi ambao kila dereva ameuona. Mfumo ukiwashwa huonyesha onyo kwamba ramani huenda isilingane na hali halisi, nao haufunguki hadi mtu abonyeze kukubali. Mafakihi walilijua sharti la aina hii, la kuuza kwa kujitoa katika kila ila. Kauli yenye nguvu katika Minhaj ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji katika jambo moja tu: ila iliyofichika ndani ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama alibaguliwa kwa kuwa kiumbe hai hakikosi maradhi ya ndani hata kikionekana kizima. Mwanasheria hodari angeweza kujaribu mlinganisho, aseme kwamba programu nayo ni kama mnyama, haikosi kasoro zisizoonekana. Huenda akasikilizwa kuhusu kosa la nadra lililojificha ndani ya programu. Kuhusu umri wa ramani hawezi, kwa sababu kiwanda kinaijua tarehe hiyo kuliko mtu yeyote, ndicho kilichoiandika. Baadhi ya watengenezaji wako karibu zaidi na data kuliko wanunuzi wanavyodhani: mwaka 2015 Audi, BMW na Daimler ziliungana kuinunua HERE kutoka kwa Nokia kwa takriban euro bilioni 2.8.

Baada ya makabidhiano hali inageuka, na hapa wanunuzi wengi hawapendi kusikia. Ramani mpya ni kazi ya watu. Kuna waliopita barabarani na magari yenye kamera, waliolinganisha picha za angani, waliosahihisha maelekezo ya njia moja na vizuizi vya kukata kona. Kudai kazi hiyo bure kwa umri wote wa pikipiki ni kudai ujira wa mtu mwingine. Malipo ya sasisho, yakiwa ya kazi iliyofanyika baada ya mauzo, ni halali kama malipo ya fundi anayebadilisha oili.

Sheria ya Umoja wa Ulaya imejaribu kuweka mpaka wake kwa maneno ya kidunia. Maelekezo namba 2019/771, yanayotumika tangu tarehe 1 Januari 2022, yanamtaka anayemuuzia mlaji bidhaa yenye sehemu za kidijitali ahakikishe mlaji anapata masasisho yanayohitajika ili bidhaa ibaki kama ilivyoahidiwa, kwa muda ambao mlaji anaweza kuutarajia kwa busara. Wakati huo huo hayamlazimishi muuzaji kutoa matoleo yaliyoboreshwa, isipokuwa kama mkataba umesema hivyo. Je, ramani mpya huifanya pikipiki ibaki kama ilivyoahidiwa, au huiboresha? Jibu linategemea kilichoahidiwa. Kama iliahidiwa picha ya barabara za mwaka fulani, ramani mpya ni uboreshaji. Kama iliahidiwa kumfikisha mtu, basi ramani iliyopitwa imevunja ahadi bila kubadilika. Wachache hununua skrini ya ramani kwa ajili ya kutazama barabara za zamani, na hivyo tafsiri ya pili ina haki zaidi.

Uhalali wa ujira una masharti yake, na la kwanza ni kwamba mlipaji awe na uwezo wa kwenda kwingine. Oili hununuliwa kwa yeyote. Ramani ya skrini iliyojengewa ndani hununuliwa mahali pamoja, kwa kuwa umbo la data limefungwa na leseni imefungiwa kifaa. Fiqhi ya Shafii haitoi msaada mkubwa hapa, kwa sababu katazo lake la uhodhi linahusu chakula cha watu; kulipeleka hadi kwenye data za barabara kungehitaji ujasiri ambao mafakihi wa kale wasingeukubali. Sheria za kisasa nazo hazina kauli moja. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Feist dhidi ya Rural, iliamua kwamba mambo ya hakika hayana mwenye hakimiliki, hata kama aliyeyakusanya alitoka jasho. Kinacholindwa ni ubunifu wa kuyachagua na kuyapanga. Umoja wa Ulaya mwaka 1996 ulikwenda njia nyingine, ukampa mkusanyaji aliyewekeza katika hifadhidata haki ya pekee ya miaka 15. Kwa hiyo barabara ile ile, kwa sheria moja ni habari ya watu wote, kwa nyingine kuichota pamoja na maelfu ya wenzake ni kuingia shamba la mtu.

Kesi ya Feist ilikuwa juu ya kitabu cha namba za simu, nacho kilikuwa na jambo la kuchekesha kidogo: kampuni ya simu ya Rural ilikuwa imepandikiza majina ya uongo ili imnase atakayenakili, na manne kati yake yakaonekana katika kitabu cha Feist. Wachora ramani nao wamewahi kutumia hila hiyo, kuchora kichochoro kisichokuwepo. Kwa anayeichukulia ramani kuwa ni ushahidi, hila hii haiwezi kupita bila kuulizwa. Shahidi anayeingiza uongo mdogo makusudi ili kulinda malipo yake ameweka haki yake juu ya haki ya anayemsikiliza, hata kama kichochoro chenyewe hakimpotezi mtu.

Sharti la pili la ujira ni kujulikana kwa kinachonunuliwa na muda wake. Wapo wauzaji wa ramani waliotoa masasisho ya maisha, kwa malipo ya mara moja au bure pamoja na kifaa, na mnunuzi akaelewa ni maisha yake. Ndani ya mkataba, maisha hayo hufafanuliwa kuwa ya kifaa, tena hukoma mapema zaidi ikiwa muuzaji ameacha kupokea data kutoka kwa anayezikusanya au kumbukumbu ya kifaa haitoshi tena kubeba ramani. Mwisho wa ahadi haujulikani na yeyote siku ya kuahidi. Fiqhi huliita jambo la namna hii gharari, na miongoni mwa mifano yake ya kale ni katazo la kuuza kwa muda wa hadi mtoto wa ngamia aliye tumboni naye atakapozaa. Sasisho moja kwa bei inayotajwa, au masasisho ya miaka mitatu yaliyoandikwa kuwa ni mitatu, yangekuwa safi zaidi kwa kipimo hicho, hata kama hayavutii sana kwenye tangazo.

Viwanda vingi vimeanza kulikwepa swali zima kwa kuiacha ramani katika simu. Gold Wing ya 2018 ilipokea CarPlay, inayoonyesha programu za simu kwenye skrini ya chombo, na BMW R 1250 RT ya 2021 iliwekewa skrini ya inchi 10.25 ambayo ramani yake huletwa na programu iliyomo katika simu ya dereva. Pikipiki hapo haitoi ushahidi tena. Imekuwa kipaza sauti cha shahidi mwingine. Deni la muuzaji juu ya umri wa ramani linaondoka, na mahali pake huja malipo ambayo hayaandikwi kwenye risiti, kwani programu nyingi za bure hukusanya habari za mahali mtu alipopita. Ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na kusahihishwa na wanaojitolea. Huko Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulitumia njia hiyo kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Hapo hakuna aliyeuza, hivyo hakuna anayedaiwa. Msafiri anayekuta kosa ana ruhusa ya kulisahihisha mwenyewe.

Inabaki pikipiki iliyotumika. Mmiliki wa kwanza anapouza, anakuwa muuzaji, na hukumu zilizokuwa upande wake zinamgeukia: akijua kwamba ramani imepitwa na leseni ya masasisho haihamishiki, analazimika kusema. Aquinas na Nawawi hawatofautishi kiwanda na mtu binafsi. Hati za mauzo kwa kawaida hutaja mwaka wa kuundwa na kilomita zilizotembewa, tarehe ya ramani haimo, na hakuna kinachozuia iwemo. Lakini wajibu huo nao hufifia kwa jinsi miaka inavyokwenda. Mtengenezaji akishaacha kutoa ramani za modeli fulani, pikipiki zote za jinsi ile huwa na ramani iliyopitwa, na upungufu ambao jinsi yote inao hauhesabiwi tena kuwa ila. Anayenunua pikipiki ya miaka kumi na mitano hana dai juu ya ramani yake, kwa kuwa bei ya soko imekwisha kuihesabu skrini hiyo kuwa haina thamani.